Nusu Iliyobaki Bakulini

Ninyi mtakaosoma haya, kaleni kwanza. Sitaki mtu asome habari za chakula akiwa na njaa, maana ataharakisha, na mimi nikieleza jambo sipendi kuharakishwa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa na mwalimu wa dini nikiwa tayari mama wa watoto, kwa hiyo mkikuta neno limepinda lisomeni hivyo hivyo lilivyopinda. Habari za baba yangu na ukoo wangu hamtazikuta hapa, muulizeni mwingine. Mimi nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka ule gari moshi la Wadachi lilipofika Dodoma, wakati nilipokuwa mke mpya na shida yangu kubwa duniani ilikuwa bakuli moja la mti.

Nimelikumbuka bakuli hilo kwa sababu tumemzika Nhonya. Alikuwa wifi yangu, mdogo wa mume wangu wa kwanza, na alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki kati ya waliokula nami mwaka ule. Siku ya kuzika tulikaa kwa mwanawe, Majengo, wakaleta wali na nyama. Watu walikula kama watu wa siku hizi wanavyokula, sahani zikapanguswa mpaka zikang'aa. Mimi nilifika nusu nikaacha, nikaiweka sahani mapajani. Basi huyu Neema, mke wa mjukuu wangu, aliyeolewa juzi tu na mume wake yuko Chemba kwenye minada ya ng'ombe, akaniinamia. "Bibi, chakula kimekushinda? Chumvi imezidi?" Ndiye aliyekuwa amepika. Nikautazama uso wake ulivyosinyaa, nikauona uso wangu wa zamani. Nikamwambia, "Chumvi iko sawa. Nitakueleza." Lakini watu walikuwa wengi na kelele nyingi, sikumweleza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi nilitoka Kibakwe, milimani, ambako tulikula ugali wa mahindi na maharage, na maji unayachota huku unasikia mtoto analia nyumbani. Nikaolewa huku nyikani, kwa Wagogo, watu wa uwele na mlenda, ambako maji unayafukua mchangani kwenye korongo na kuyangoja yajikusanye. Tembe la mama mkwe lilikuwa mwendo mfupi kutoka walipokuwa wanajenga stesheni. Tembe labda ninyi hamlijui tena: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa, mtu mrefu huingia ameinama, na ndani moshi hauna haraka ya kutoka. Chumba chake kilikuwa na kilindo cha nafaka, jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama mgongo wa ng'ombe mzee, na mafiga matatu. Hayo mafiga yalikuwa yake. Katika nyumba ile mke mpya hakuwa na jiko. Alipikia kwenye mafiga ya mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, mpaka siku ambayo mama mkwe mwenyewe angechukua kaa la moto kutoka jikoni kwake na kumwashia jiko la kwake. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu. Huwezi kumkaribisha mtu ale. Hata kugombana na mumeo huwezi vizuri, maana chakula cha kumnyima si chako.

Mume wangu, Mwaluko, sikukaa naye hata msimu mmoja wa kulima. Jumbe alipita akisema kila nyumba itoe mtu wa kazi ya reli, naye akatoka, akaifuata reli ilivyokuwa ikienda upande wa machweo. Asubuhi ile alikunywa uji amesimama mlangoni, kibuyu mkononi. "Nikirudi nikukute una jiko lako," akaniambia. "Na usimwogope mama. Ni mgumu kwa nje tu."

"Na kwa ndani?"

"Ndani mimi mwenyewe sijafika." Akacheka, akanirudishia kibuyu, akaenda. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo. Nikaweka moyoni kwamba akirudi atanikuta na jiko, hata kama itanibidi nipike mawe yaive.

Basi nikaanza na mlenda. Nhonya alinionyesha majani ya porini yanayochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa, yakatwangwa yakawa unga wa kijani, na kiasi cha magadi ya kutia ili uvute. Mlenda usiovuta si mlenda. Ukiinua tonge, ule uzi wake ufuate mkono mpaka mdomoni. Mimi mtu wa maharage niliuona uchafu mtupu, lakini nilijifunza. Nikasaga uwele mpaka viganja vikaota sugu, nikasonga ugali, nikaupanga katika bakuli la mti na mlenda pembeni, nikapiga magoti, nikamwekea mama mkwe mbele. Alikula polepole, macho mlangoni. Alipofika katikati aliacha. Alilisukuma bakuli mpaka ukutani, akalifunika kwa ungo kama mtu anayefunika kitu kinachonuka. Asubuhi Nhonya akakitoa kile kiporo akaenda nacho kuchunga mbuzi.

"Mama, mlenda haukuvuta?" nilimwuliza.

"Umevuta."

"Magadi yamepungua?"

"Yapo."

"Basi?"

"Basi nini? Nimekula."

Kesho yake nusu. Kesho kutwa nusu. Mtu akikutukana unaweza kumjibu, lakini mtu anayeacha nusu ya chakula chako kila siku, bila neno, utamjibu nini? Nilitia karanga za kusaga kwenye mlenda, akaacha nusu. Nilipika kunde, nikazikaanga kwa samli, akaacha nusu. Nilimkorogea maziwa ya mgando kwa unga wa ubuyu, ile chachu inayoamsha ulimi, nikamwona kabisa akifumba macho kwa utamu, nikasema moyoni, leo nimempata. Akaacha nusu. Nhonya alikuwa anatazama tu. Siku moja nilimwambia, "Wifi, mama yako hanipendi." Akanijibu, "Mama hana mtu asiyempenda, ila hasemi." Akaenda zake na mbuzi wake. Siku hizi mnasema mtu afafanue. Wakati ule mtu akishajibu, amejibu.

Kisha jumbe akarudi. Safari hii alitaka wanawake wa kusaga unga wa kulisha watu wa reli. Nikaenda mimi, kwa niaba ya nyumba. Tulipanga mawe yetu chini ya kibanda cha mabua, tukasaga tukiimba na kuwasema watu, na ndipo aliponiona mpishi, Mzee Hamisi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mwembamba, kofia yake safi kuliko nguo za bwana wake, na mgongoni alikuwa na alama za kiboko ambazo hakuzizungumzia. Akachota unga wangu, akaupuliza kiganjani. "Nani amesaga huu? Wewe mtu wa milimani? Njoo jikoni. Bwana wangu anataka mkate na mimi unga wa ngano sina."

Bwana wake tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi kwa kamba. Alikuwa kijana mrefu, mwekundu, tumbo lake halikupatana na nchi hii, na alikuwa na hasira za mtu anayeumwa. Unga wa ngano ulikuwa unatoka pwani, na gari moshi wakati ule lilipendelea kubeba vyuma. Uliokuwapo ulikuwa umeingia fukusi mpaka ukawa unatembea. Bwana Kamba hakutaka ugali, hakutaka wali. Kila asubuhi alikaa mezani akagonga ubao kwa kidole: "Mkate."

Mkate wa kwanza tuliufanya kwa unga wa uwele, maji na chumvi. Tanuri letu lilikuwa kichuguu kikubwa nyuma ya jiko, mchwa wamehama, Mzee Hamisi amekichimba tumbo na kukichomea kuni ndani mpaka udongo ukawa mwekundu. Tuliutia, tukaziba mdomo kwa bati, tukangoja. Ulipotoka, Mzee Hamisi aliugonga mezani, ukalia ko! Akanitazama. "Huu tumpelekee fundi wa daraja. Mlaji hayupo."

Nikamwambia kwamba unga unahitaji kitu cha kuuinua, na Wagogo wanakijua: masimbi yanayobaki chini ya mtungi wa pombe. Mzee Hamisi akarudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Pombe mimi siigusi. Wala sitaki kuiona." Lakini mkate ulikuwa unatakiwa, na aliyekuwa anaulizwa ni yeye. Basi akageukia ukutani, akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Tia wewe. Ukimaliza sema."

"Nimemaliza, Mzee."

"Umefunika?"

"Nimefunika."

"Inanuka?"

"Kidogo."

"Basi sijageuka bado."

Mkate huo uliumuka, tukafurahi, tukaupeleka. Bwana Kamba aliupaka siagi ya kopo, akauinua, ukamwagika wote vidoleni kama mchanga wa korongo. Uwele hauna mnato wa ngano. Alikula makombo kwa kijiko, akafika nusu, akasukuma sahani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema kimoyomoyo: na wewe pia! Nikatamani kulia, na mimi si mtu wa kulia. Nyumbani bakuli nusu, kazini sahani nusu. Nikawa nasaga nchi nzima na hakuna mtu anayeshiba.

Siku zile nilikuwa nawaza kushikamana tu, kitu gani kitafanya unga ushikamane, na mtu aliyekaa Ugogo akiwaza kushikamana atafika kwenye mlenda. Nikachukua kiganja cha unga wa mlenda mkavu, nikautia kwenye kinyunga cha uwele pamoja na masimbi, Mzee Hamisi akiwa bado anatazama ukuta. Sikumwambia. Mkate ukatoka mzuri, ngozi kahawia, haukupasuka. Mzee Hamisi akauinua kwa mikono miwili, akatabasamu, nikajua nimeweza. Akaupeleka yeye mwenyewe.

Bwana Kamba akakata. Kisu kikashuka, kikapanda, na uzi wa kijani ukapanda nacho, mrefu, unameta. Akakata tena, nyuzi zikawa mbili. Nyuma yangu wabeba maji walianza kucheka puani. "Mkate gani hii?" akapiga kelele. "Mimi nakata, yeye nashika kisu!" Akasimama, akatazama kona alikokuwa ametundika kiboko, na kicheko kikafa. Mzee Hamisi hakurudi nyuma. Alisimama na sinia lake mbele ya kifua. Nikaingia bila kuitwa, nikasema, "Bwana, nimefanya mimi. Ndiyo gundi tuliyonayo." Sijui alielewa nini. Alikaa, akashika tumbo, akasema maneno ya kwao polepole, kama mtu anayemwambia mama yake. Kisha akasema, "Mayai. Mbili. Hii toa."

Nje Mzee Hamisi aliketi juu ya gogo, akavua kofia. "Binti," akasema, "leo ungenichubua mgongo kwa makamasi ya majani."

"Mkate umeshikamana lakini, Mzee."

Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. "Umeshikamana," akasema. "Uchukue. Kampe mama mkwe wako. Kama naye ataukataa, basi uzikwe."

Nikaupeleka. Mama mkwe aliugeuza, akaunusa, akaukata katikati kwa kisu cha kuchinjia. Nusu akaila, anatafuna taratibu. Nusu akaifunga kwenye majani makavu, akaitundika kwenye boriti juu ya jiko, moshini. "Huu unangoja vizuri," akasema. Nilielewa kwamba ananisimanga, kwamba mkate wangu ni mgumu. Nikatoka nje nikakaa na ng'ombe.

Miezi ikaenda. Unga wa ngano ukafika, Bwana Kamba akapata mkate wake, mimi nikabaki jikoni namenya viazi. Mzee Hamisi alinifundisha kukaanga kitunguu kwanza kabla ya kutia kitu kingine, nikaenda kukaanga kwa mama mkwe, akaacha nusu. Kisha jioni moja nilirudi nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, hajasaga, hajachambua, na yeye hakuwa mtu wa kukaa hivyo. "Mbukwa, mama," nikamsalimu kwa salamu ya kwao. Akaitikia kwa kichwa. Nhonya alikuwa ndani, amelala, uso ukutani. "Naumwa kichwa," akasema. Nilikuwa nimechoka. Sikukaanga kitunguu, sikutafuta samli. Nikapika ugali wa uwele na mlenda, kama ule wa siku ya kwanza, nikamwekea.

Alikula. Alifika nusu. Nikawa tayari kuinamisha uso, lakini mkono wake ukarudi bakulini. Akamega tena. Alikula ile nusu ya pili tonge kwa tonge, kama mtu anayepanda mlima, akapangusa bakuli kwa kidole, akalamba kidole, akalifudikiza bakuli chini.

Mimi nikapiga kigelegele. Mnasikia? Nilisimama katikati ya chumba kile chenye moshi nikapiga kigelegele mpaka mbuzi wakashtuka. "Mama umemaliza! Mama umemaliza!"

Nhonya akaruka kutoka alipolala akanishika mdomo. "Nyamaza! Nyamaza wewe! Hilo ni fungu la kaka!" Akalia, na maneno yakamtoka vipande vipande: kwamba katika nyumba yao mtu akiwa njiani, mama hamalizi bakuli, humwachia nusu, akitokea mlangoni akute chake kinamngoja. Kwamba mchana alikuja mtu wa kazi ya reli. Kwamba Mwaluko alishikwa na homa huko mbele ya Kilimatinde, wakamzika kando ya tuta. Kwamba hakuna tena wa kubakiziwa.

Nikakaa chini. Mama mkwe hakunikemea. "Mwache," alimwambia Nhonya. "Hakuambiwa." Kisha akanigeukia. "Kwenu milimani hambakizi?"

"Hapana, mama. Kwetu tunamaliza."

"Nilidhani watu wote hubakiza. Sasa miezi yote hii ulidhani nini?"

"Nilidhani hukipendi chakula changu."

Alisukuma ukuni motoni. Moto ukalia kidogo. "Mwanangu," akasema, na hajapata kuniita hivyo kabla, "mlenda wako ulikuwa mzuri tangu wa kwanza. Ule wa karanga ndio ulinitesa kabisa kuuacha." Akainuka, akaushusha mkate kutoka kwenye boriti, umekauka kama gome. Akauloweka katika maziwa. Tukaula watatu kwa kijiko kimoja, tukipokezana, tukilia na kutafuna, na ulikuwa mchungu kwa moshi, na haukuvunjika. Hata maziwa hayakuutawanya.

Siku za msiba zilipokwisha alinichagulia mafiga mwenyewe, akayatua upande wa pili wa ukuta. Akachukua kaa kwa kigae kutoka jikoni kwake, akaja amelikinga kwa kiganja, akaniwashia. Nikapata jiko. Aliyesema atanikuta nalo hakuwa wa kurudi. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa Mzee Hamisi, aliyekuja kutoa pole na kifuko cha chumvi nyeupe. Nilimpikia mlenda. Aliutazama, akausomea bismillahi yake, akala mpaka mwisho, uzi ukimwingia kwenye ndevu. "Makamasi haya," akasema, "yana ladha." Baadaye niliolewa tena, na huyo ndiye babu yenu, mwema, lakini si wa sura hii. Mafiga yale nilihama nayo.

Sijawahi kuiona desturi ile kwingine, nami niliibeba kama nilivyobeba mafiga. Nimebakiza kwa wanangu walipokuwa njiani, na sasa nabakiza kwa huyu wa Chemba. Nimezeeka, nikasahau kwamba kubakiza bila kusema ni kumtesa anayepika. Uso wa Neema pale msibani umenikumbusha. Basi jana niliwaita wote wakae mkekani, wakubwa kwa wadogo, na Neema nikamketisha karibu yangu, nikasema, na hapa naandika nilivyosema: Katika nyumba hii mtu akiwa njiani bakuli halimalizwi. Na mke yeyote atakayeletwa hapa ataambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajatua mzigo wake, na atakayeleta mke ndiye atakayemwambia. Sasa Neema, pakua.